Waya wa arthi usiukunje: radi ilivyoniunguzia kontrola mara 2

Mara ya kwanza bodi ya kontrola ya umwagiliaji (kile kisanduku kinachofungua na kufunga vali za maji) ilipoungua nikasema radi ni radi tu, nikanunua nyingine, nikafunga na saji protekta (kifaa cha kumwaga ardhini volti iliyozidi) pembeni, nikalala fofofo. Msimu uliofuata ikaungua tena na safari hii ikaondoka na dekoda 7 (vile vifaa vidogo kwenye kebo vinavyopokea amri ya kontrola na kuwasha vali), halafu protekta yenyewe nzima, taa ya kijani inawaka kama vile haikuona kitu. Na radi wala haikupiga shambani kwetu, ilipiga huko kwa jirani.

Kumbe haihitaji kukupiga wewe. Mfumo mkubwa wa umwagiliaji una waya za kilometa kadhaa chini ya udongo, zile ni antena kabisa, radi ikishuka jirani zinazoa volti na kuzileta mpaka kwenye bodi iliyozoea volti 24 za vali.

Sasa kosa langu. Waya kutoka protekta kwenda kwenye rodi ya arthi (ile fimbo ya chuma inayopigwa ardhini) ulikuwa mrefu, mi nisiyependa uchafu nikauzungusha vizuri kama kamba ya mbuzi nikaubana na kebo tai, unapendeza kweli. Ndo hapo palipoungulia. Mkondo wa radi unapanda ghafla mno, na waya hata uwe mnene vipi unaupinga huo ughafla: mita moja ya waya ulionyooka ina kama mikrohenri 1 (kipimo cha upinzani huo), mkondo ukipanda ampia 10,000 kwa mikrosekunde moja tayari hapo una volti 10,000 kwenye mita hiyo moja. Ukiuzungusha ndo unazidisha. Umeme unaona njia ya arthi ngumu, unapita kwenye bodi. Kwa hiyo kata waya uwe mfupi, unyooshe, na kama lazima ukate kona basi iwe pana, nusu kipenyo isipungue sentimita 20.

Kitu cha pili nilikuwa na arthi mbili, ya umeme mkubwa upande huu na ya kontrola upande ule, hazijaunganishwa, eti "zisiingiliane". Radi ikipiga, ardhi ya huku na ya kule zinakuwa na volti tofauti na kinachoziunganisha ni kontrola yako maskini. Ziunganishe zote, ila kama upande wa umeme mkubwa huujui muite fundi umeme.

Rodi zenyewe za mita 2.4 zilizopakwa shaba zinatosha, lakini usizibananishe, acha angalau mita 5 kati ya moja na nyingine la sivyo zinagombania udongo uleule. Zipige panapofikiwa na maji, udongo mkavu haupitishi kitu. Chumvi sishauri, mvua inaiosha na rodi inaliwa. Mwambani tumia bamba la shaba na ule unga maalumu wa kupitishia umeme. Maungio yakichomelewa ni bora, klampu hulegea na kuota kutu huko chini bila wewe kujua.

Halafu upime!! Lenga upinzani wa arthi wa ohmu 10 kushuka chini, na mita ya kawaida ya mfukoni haipimi hiyo, azima kipima arthi chenyewe, na pima kiangazi maana wakati wa mvua kila arthi inaonekana nzuri.

Kwa wenye dekoda, arthi ya kwenye kontrola peke yake haitoshi. Maelekezo mengi ya watengenezaji yanacheza kwenye protekta moja kila mita 150 hadi 300 au kila dekoda 8 hadi 12, pamoja na kila mwisho wa laini, ila soma ya mfumo wako. Rodi yake isogeze mbali na kebo na waya wake utoke kwa pembe mraba, usiulaze sambamba na kebo mtaroni, utarudisha kilekile ulichokitoa.

Na protekta zinachoka jamani. Varista iliyomo ndani (kile kipande kinachobana volti iliyozidi) inakula kila pigo na taa inaweza kubaki kijani wakati uwezo umeshapungua, mi sasa baada ya msimu wa radi nafungua makabati yote (siyo mawingu yakiwa yananguruma, tafadhali) na yenye alama ya kuungua natoa. Mwaka jana bodi ilipona, dekoda zote zikapona. Kilichoondoka ni mita ya mtiririko wa maji, kebo yake ndo pekee niliyoisahau kuiwekea protekta.