Resolute mpaka Grise Fiord, hiyo "hapo hapo tu" ya kwenye ramani

Kuna mdau kauliza kama ukishafika Resolute unaweza kuunganisha kwenda Grise Fiord siku hiyo hiyo, maana kwenye ramani ni hapo hapo tu. Mkuu mimi ni fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto huku Nunavut, eneo la kaskazini kabisa mwa Kanada ambako vijiji hivyo viwili vipo, njia hiyo naijua.

Hiyo hapo hapo ni kama km 380, yaani Dar na Dodoma ukinyoosha mstari, ila futa basi, futa lifti ya lori, futa barabara yenyewe. Nunavut ina makazi 25 na hamna barabara ya kutoka moja kwenda jingine. Meli ya mizigo inakuja kiangazi tu barafu ikiachia, kwahiyo mwaka mzima unategemea ndege.

Na ndege yenyewe ni Twin Otter, kapangaboi kadogo ambako viti vingine vinatolewa ili mizigo ikae. Hewani ni kama saa moja na nusu, hapo sina malalamiko. Shughuli iko kwenye kutua. Kiwanja cha Grise Fiord ni changarawe, kifupi balaa, kama nusu kilomita hivi, mbele bahari nyuma mlima, na upepo ukishuka kwenye ule mlima rubani hajaribu hata kidogo, anageuza mnarudi Resolute. Mimi nimeshageuziwa nikiwa naziona nyumba kabisa chini. Hakuna aliyelalamika mle ndani, wenyeji walivuta kofia wakalala zao.

Ndo maana swali la "ni mbali kiasi gani" huku halina maana sana, uliza wingu likoje. Grise Fiord sensa ya 2021 ilikuta watu 144, kuna zahanati na manesi ila hospitali iko Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, na toka Resolute mpaka Iqaluit ni zaidi ya km 1,500 nyingine. Mama mjamzito anapelekwa wiki kadhaa kabla ya kujifungua, anaacha watoto nyumbani anaenda kusubiri huko.

Halafu msidhani watu walijichagulia kuishi mbali hivyo. Serikali ya Kanada ndo iliwapeleka familia za Wainuit, wenyeji wa asili wa huku, miaka ya 1953 na 1955, wengi toka Inukjuak kule Quebec, kwa ahadi za mawindo mengi, msamaha ikaja kuomba 2010. Mpaka leo mtu akitaka kwenda kuzika ndugu huko kusini anabadili ndege mara kadhaa kwa maelfu ya dola.

Kwahiyo mkuu kama ni safari ya kazi mwambie bosi akate tiketi inayobadilishika, na chumba cha Resolute kiwe kimeshalipiwa siku za ziada. Vifaa vizito tanguliza mapema maana ndege ikizidi uzito boksi lako ndo linabaki. Na kama ni Novemba mpaka Januari beba taa ya kichwani, jua halichomozi kabisa.