Lavenda Inanyauka Huku Udongo Umelowa

"Naimwagilia kila siku, mbona inanyauka?" Swali hili huja kila masika yanapokolea, na jibu limo humo humo. Lavenda ikinyauka udongo ukiwa umelowa, mizizi inaoza. Itoe chunguni uitazame. Mizizi mizima ni myeupe na imara. Iliyooza ni ya kahawia, inateleza, na ukiivuta ganda linavuka mkononi. Ikifika hapo haiponi. Okoa vichipukizi vya juu vilivyo hai: kata urefu wa sm 10, visiwe na maua, nyofoa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji kidogo. Weka penye mwanga lakini si juani. Baada ya wiki 4 hadi 6 vuta taratibu; kikikataa kung'oka, kimetoa mizizi.

Kwao lavenda ni vilima vikavu vya mawe kando ya Mediterania, kwa hiyo udongo mweusi ulioshiba samadi unaiumiza: majani yatakuwa mengi na laini, maua haba. Changanya ndoo 2 za udongo mwepesi, 1 ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa na 1 ya kokoto ndogo. Mchanga wa baharini una chumvi, uache. Udongo wa maeneo ya chai ni wa tindikali, uongezee chokaa ya kilimo kidogo. Lavenda hupenda pH (kipimo cha tindikali) ya 6.5 hadi 7.5.

Chungu cha udongo wa kuchoma chenye upana wa sm 30 kinatosha. Kiinue juu ya vipande vya matofali, sahani ya chini iondoe kabisa. Na tafadhali, acheni kutandaza kokoto chini ya chungu! Hazikaushi chochote, maji hukwama pale udongo unapokutana nazo. Jua liwe la saa 6 hadi 8. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole udongoni hadi pingili ya pili: pakiwa na unyevu, subiri.

Lavenda ya aina ya Lavandula angustifolia hutaka baridi, ya Limuru au Lushoto. Dar es Salaam na Mombasa jaribu aina ya Lavandula dentata, yenye majani ya meno meno. Hata hiyo huteswa na unyevunyevu wa hewa, hivyo tenganisha vyungu upepo upite, na mvua ikizidi isogeze barazani.

Maua yakiisha, pogoa theluthi moja. Usikate kwenye shina kavu lisilo na majani, hapo haichipui tena.