Saruji inaganda stoo, misumari inaisha

Mkuu, umesema saruji inakugandia stoo huku misumari ya inchi nne inakuishia wateja wakiwa mlangoni. Kuongeza mtaji hakutakusaidia hapo.

Anza na saruji. Mzigo mpya ukifika, vijana hutafuta wepesi: wanapanga mbele, ya zamani inabaki ukutani miezi. Waambie waisogeze ya zamani mbele kwanza ndipo washushe mpya nyuma yake. Ikae juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na rundo lisizidi mifuko kumi kwenda juu. Andika tarehe ya kupokea kwa kalamu nene kwenye mfuko wa juu. Saruji ikipita miezi mitatu huwa imeanza kupoteza nguvu hata kama haijashika mabonge.

Misumari usisubiri boksi la mwisho. Tuseme unauza kilo 6 kwa siku na mzigo wa jumla huchukua siku 4 kufika. Ukiagiza zimebaki kilo 24, huna akiba hata ya siku moja. Agiza zikifika 36. Hizo 12 ni za siku gari likikwama au fundi mmoja akibeba nyingi.

Programu ya kompyuta iache kwanza. Daftari la kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki linatosha, ila kila Jumamosi jioni hesabu mwenyewe bidhaa tano sita zinazotembea sana. Usimwachie anayeuza.