Kabla yaya wa Brussels hajaenda dukani

Mwanafunzi mmoja wa sheria hapa Lubumbashi ametuandikia. Yaya yake (ndugu yake mkubwa) anayeishi Brussels amekubali kumnunulia vitabu, naye anauliza: aende Fnac, lile duka kubwa lenye matawi mengi, aende libreri ndogo ya mtaani, au aagize Amazon? Swali zuri, ila limeanzia mwisho. Duka ni jambo la tatu. La kwanza ni mwaka wa chapa, la pili ni uzito.

Bei tuimalize haraka. Ufaransa, tangu sheria ya 1981, bei ya kitabu kipya hupangwa na mchapishaji, na muuzaji haruhusiwi kupunguza zaidi ya 5%. Brussels na Wallonia nazo zina kanuni inayofanana na hiyo. Kitabu kipya cha euro 30 ni euro 30 kwenye duka lenye matawi kila mji, na ni euro 30 kwa mzee mwenye libreri ya chumba kimoja. Kwa aliye Ufaransa, mtandao hata una ziada: tangu Oktoba 2023, oda ya vitabu vipya isiyofika euro 35 hutozwa angalau euro 3 za kuletewa nyumbani. Libreri ndogo inamwagizia mteja, anakuja kukichukua mwenyewe, halipi nauli. Punguzo la kweli liko kwenye vitabu vya okazyo, yaani vilivyokwisha kutumika, ambavyo kanuni hizo haziviwekei bei. Kwa Brussels, yaya apite kwenye duka la okazyo la Pêle-Mêle, boulevard Maurice Lemonnier.

Sasa mwaka wa chapa, na hapa wanafunzi wa sheria na wa uhasibu ndipo wanapoliwa makuta. Code de la famille (sheria ya familia) ya 1987 ilirekebishwa Julai 2016, na Code du travail (sheria ya kazi) ya 2002 vilevile. Nakala ya zamani unayoipata kwa wauzaji wa barabarani itakuwa safi, rahisi, na itakuangusha mtihani. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, lakini sheria yake ya makampuni ilibadilishwa 2014, na mpango wa hesabu ulirekebishwa 2017 ukaanza kutumika Januari 2018. Kitabu cha uhasibu wa OHADA kilichochapwa 2015 kiache palepale, hata ukipewa bure.

Lakini kwa somo la obligations, yaani mikataba na kulipa hasara, geuza hesabu. Sisi bado tunatumia kitabu cha tatu cha Code civil, dekreti ya 1888. Ufaransa ilipanga upya sheria yake ya mikataba mwaka 2016 na kubadilisha namba: article 1382 iliyojulikana na kila mtu sasa ni 1240. Kwetu, kanuni hiyo ya kulipa hasara uliyosababisha iko article 258. Kwa hiyo kitabu cha Kifaransa cha 2010, cha okazyo, kinafuata sheria yetu kwa karibu kuliko toleo jipya la euro 45. Muuzaji wa duka kubwa atakupa jipya, na tovuti itakupandishia jipya juu kabisa. Mwenye libreri ya okazyo ukimweleza unachotafuta atakifungua, asome ukurasa wa nyuma ya kichwa cha kitabu, akuambie chapa ya ngapi.

Uzito hupigwa kabla ya kulipa. Karatasi moja ya A5, ya kawaida ya gramu 80, ina gramu 2.5. Gawa kurasa kwa mbili, zidisha kwa 2.5, ongeza gramu 20 za jalada: kitabu cha kurasa 400 ni kama gramu 520. Jalada gumu halifuati hesabu hii, lipimwe. Uliza ajansi ya freti kama wanapandisha hadi nusu kilo au kilo nzima, maana kilo 2.1 inaweza kulipiwa kama 3. DHL hupima pia ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000, kisha inatoza namba iliyo kubwa. Katoni iliyojaa nusu ni kulipia hewa. Na kila kitabu kivishwe plastiki. Kati ya Novemba na Aprili mvua ya hapa haina huruma.

Kabla ya kufunga katoni, yaya apitishe kidole kwenye namba za kurasa zote. Vitabu hushonwa kwa vikunjo, mara nyingi vya kurasa 16, na kikunjo kikisahaulika kiwandani unatoka ukurasa wa 64 kuingia 81. Kule duka litakibadilisha. Ukigundua ukiwa huku Katuba, Lubumbashi, nauli ya kukirudisha inakipita kitabu chenyewe.

Libreri za hapa mjini tunazinyima haki. Mtu anabishana dola mbili na mama wa libreri, kisha analipa freti bila kuguna. Hapo unakishika kitabu, unaona chapa, unarudi kesho kama kina kasoro. Angalia tu usiuziwe fotokopi kwa bei ya kitabu: maandishi yana kivuli cha kijivu, pembezoni zimepinda, na ukikifungua katikati gundi inalia na karatasi zinaachia. Maandishi ya sheria zenyewe usiyanunue kabla hujatazama Leganet, tovuti ya sheria za Kongo, ambako mengi yapo bure.

Amazon ibaki kwa kitabu kilichoisha madukani. Tafuta kwa ISBN, ile namba ya kitabu iliyo jaladani, si kwa kichwa, na usome jina la anayeuza: mara nyingi ni mtu mwingine kabisa, mwenye masharti yake ya kurudisha. Tasnifu za Wakongo zilizotolewa na mchapishaji L'Harmattan wa Paris nyingi zinauzwa pia kwa PDF kwenye tovuti yao, rahisi kuliko karatasi, na hazina kilo.