Maswali na Majibu: Vilima vya matumbawe vya bahari kuu

Wiki iliyopita nilieleza kwamba nje ya pwani ya Ayalandi, kwenye kina cha mita 800 hivi, kuna vilima vilivyojengwa na matumbawe ya maji baridi. Maswali yamekuja mengi. Nayajibu yale yaliyorudiwa na wengi.

Mimi ni mvuvi wa Likoni. Matumbawe tunayoyajua sisi yanataka jua. Hayo ya gizani yanakula nini?

Mzee wangu, matumbawe ya kwetu yanalishwa na vijimea vinavyoishi ndani ya miili yao, na vijimea hivyo ndivyo vinavyotaka jua. Tumbawe la Lophelia pertusa, mjenzi wa vilima hivyo vya gizani, halina vijimea. Linaishi kwenye maji ya nyuzijoto 4 hadi 12 hivi, linatandaza minyiri na kunasa vijidudu na mabaki ya chakula yanayopita na maji. Kwa hiyo linachotaka ni mkondo. Pasipo na mkondo hapana chakula, na hapana kilima.

Ulitaja kilima chenye kimo cha mita 155. Wanyama wadogo namna hiyo wanakijenga vipi? (Mwalimu, Kisauni)

Hawakijengi peke yao, na kwangu mimi hapa ndipo penye uhondo. Kilima hicho, kimojawapo cha vile vya Ayalandi, kinaitwa Challenger. Mwaka 2005 meli ya utafiti JOIDES Resolution ilikitoboa kutoka kileleni hadi chini ya msingi. Vipande vya matumbawe vilionekana juu mpaka chini, lakini nafasi kubwa katikati yake imejazwa na tope: udongo uliotoka nchi kavu, pamoja na magamba ya viumbe wadogo mno wa baharini.

Matawi ya tumbawe yanapunguza kasi ya maji, tope linatua katikati yake, kama mizizi ya mikoko ya Tudor inavyolikamata. Tope linayafukia matawi ya chini na kuyashikilia yasianguke, huku yale ya juu yakiendelea kuota. Likizidi, linayafunika matumbawe na kuyaua. Likipungua sana, matawi yaliyokufa yanabaki wazi, yanatobolewa na sifongo mpaka yanavunjika. Kilima kinasimama pale tu tope linapokuja kwa kipimo.

Challenger kilianza takriban miaka milioni 2.6 iliyopita, wakati barafu kubwa zilipoanza kutanda kaskazini mwa dunia. Hakikukua mfululizo. Kuna mahali ndani yake panapoonyesha kwamba kiliacha kukua kwa mamia ya maelfu ya miaka, kisha kikaanza tena.

Si kweli kwamba gesi inayovuja chini ya bahari ndiyo iliyokilisha? (Fundi mitambo, Changamwe)

Wazo hilo lilikuwepo, na lilikuwa moja ya sababu za kwenda kuchimba. Watafiti hawakupata ushahidi wa kuliunga mkono.

Tope la ndani ya vilima hivyo linageukaje jiwe bila moto? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Nyali)

Swali zuri sana, mwanangu. Kazi hiyo inafanywa na maji yaliyonaswa ndani ya tope na bakteria wanaoishi humo.

Mifupa ya tumbawe ni aragonaiti, yaani kaboneti ya kalsiamu. Kalsaiti nayo ni kaboneti ya kalsiamu, ila atomi zake zimepangwa namna nyingine, na ni imara zaidi. Karibu na uso wa tope, bakteria wanatumia oksijeni kula mabaki ya viumbe, wanatoa hewa ukaa, na hewa hiyo ikiingia kwenye maji inayatia ukali, yaani asidi. Ukali huo unaanza kuitafuna aragonaiti.

Chini zaidi oksijeni imekwisha. Huko wapo bakteria wanaotumia salfeti iliyomo kwenye maji ya bahari, na wanaacha vitu viwili: bikaboneti na salfaidi, gesi ile ile unayoinusa ukikanyaga tope la mikoko. Salfaidi ikibaki ndani ya maji inazuia mambo, kwa sababu nayo inayatia ukali. Lakini ule udongo wa nchi kavu una chuma. Chuma kinaikamata salfaidi, zinaundika chembe ndogo za pairaiti, madini ya chuma na salfa, na ukali unapungua. Hapo bikaboneti inaungana na kalsiamu, na kalsaiti inaganda katikati ya chembe za tope. Tope limeshikana.

Ukikata sampuli za vilima vya namna hii unakuta tabaka laini, kisha tabaka gumu. Ndani ya lile gumu mara nyingine tumbawe lenyewe limeyeyuka likaisha, limebaki tundu lenye umbo la kitawi. Mimi naona ajabu kubwa hapo: kilichotoka kwenye tumbawe ndicho kinacholigandisha tope linalolizunguka.

Mabadiliko hayo yana hasara gani kwa watafiti? (Msomaji, Tononoka)

Yanaharibu saa. Umri wa tumbawe hupimwa kwa urani inayogeuka thori, na kipimo hicho kinafika takriban miaka laki tano tu, tena aragonaiti iwe haijaguswa. Ikishayeyuka na kuganda upya, jibu halifai. Kwa tabaka za zamani zaidi za Challenger walitegemea strontiamu na usumaku uliobaki kwenye tope.

Je, mawe ya nyumba zetu yalipitia hayo hayo? (Mkazi wa Mji wa Kale)

Yalibadilika, ila kwa njia nyingine. Mwamba wa kisiwa chetu cha Mombasa ni matumbawe ya kale, ya enzi ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo. Bahari iliposhuka, mvua ndiyo iliyofanya kazi, si maji ya chumvi. Nenda Mama Ngina, okota jiwe lililovunjika karibuni, ulisogeze karibu na jicho. Utaona nyota ndogo za tumbawe, na ndani ya baadhi ya matundu punje zinazometameta. Nyingi ni kalsaiti iliyoachwa na maji ya mvua. Likwaruze kidogo upate unga, udondoshee siki: litatoa povu. Povu linakwambia ni kaboneti tu. Kujua ni aragonaiti au kalsaiti kunahitaji mionzi ya eksirei.

Na Afrika, vilima vya namna hii vipo? (Wengi)

Vipo. Nje ya Mauritania kuna safu ya vilima inayoendelea kwa mamia ya kilomita, na Angola pia vipo.

Nani anavilinda? (Dada wa Bamburi)

Wachache. Vilima vya Darwin, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, viligunduliwa mwaka 1998, na muda si mrefu vikakutwa vina alama za nyavu za kukokota. Uvuvi huo ukapigwa marufuku hapo mwaka 2003. Inanikera kwamba wavu mmoja unaweza kulisaga kwa dakika chache tumbawe lililoota kwa milimita chache kila mwaka. Na bahari inavyozidi kunywa hewa ukaa tunayoifukiza, mifupa iliyokufa, isiyo na nyama ya kuifunika, ndiyo inayoanza kuyeyuka, na hiyo ndiyo inayobeba matawi yaliyo hai.

Sampuli za Challenger ziko wapi? (Mwanafunzi wa chuo, Tudor)

Bremen, Ujerumani, kwenye ghala la baridi. Mtafiti wa nchi yoyote anaweza kuandika kuomba kipande, akieleza anataka kupima nini.