Muulize Mpigapicha: Mirunda, zege na msimamizi mkali

SWALI: Kaka shikamoo. Nakaa Sinza, Dar, napiga picha kwa simu tu. Jirani na kwetu kuna ghorofa linajengwa, limezungushiwa mirunda mpaka juu, kwa macho linapendeza kinoma ila nikipiga inatoka vurugu tupu, mistari kila mahali. Afu juzi msimamizi wa saiti kanitimua, eti nimetumwa na nani. Nifanyeje? – M.J.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na msimamizi, maana naona ndo anakukera zaidi hata kama umemweka mwisho. Tangu lile ghorofa lianguke Kariakoo Novemba 2024, mtu wa saiti akiona kamera anawaza mkaguzi au mwandishi wa habari, we ungekuwa yeye si ungeuliza pia? Usipige kwa kujificha ng'ambo ya barabara. Nenda muda wa chai, salimia, sema unakaa nyumba ipi, waoneshe picha zako afu ndo uombe. Ukimpiga fundi mtumie picha yake WhatsApp siku hiyohiyo, akishaiweka status wao wenyewe watakwambia lini wanamwaga zege, na siku ya zege usikose, mikseri inanguruma, vibarua wamepangana wanapokezana ndoo, hakuna hata mmoja mwenye muda wa kukupozia.

Sasa hiyo vurugu. Mirunda yote inafanana na hakuna uliyonyooka, jicho halina pa kutua, kwa hiyo achana na jengo zima. Tafuta sehemu moja tu, pale mrunda wa kusimama unapokutana na wa kulala, misumari imepigwa ikapinda, ubao juu yake una zege lililokauka, afu subiri mtu apite. Kandambili ya saidia fundi kwenye ubao huo, kisigino cheupe kwa simenti, hiyo ni picha! Lewis Hine, mpigapicha wa Marekani, alipiga lile ghorofa refu la Empire State Building likijengwa New York mwaka 1930 na 1931, na picha zake zinazokumbukwa ni za mafundi na vyuma walivyoshika, jengo zima wala hulioni. Ila yeye alipanda nao huko juu, wewe mirunda usipande tafadhali, omba balkoni ya ghorofa la jirani upige ukiwa nao sawa, hapo hata jengo halitalala nyuma kama ukipigia chini.

Saa sita mchana kalale. Kwa Dar, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba jua linapita utosini kabisa, uso wa fundi unakuwa giza chini ya helmeti (kama kavaa). Saa moja asubuhi au kumi na moja jioni jua linakuja ubavuni, kivuli cha mirunda kinalala ukutani. Likiwa nyuma ya jengo, gusa anga kwenye skrini ushushe mwanga, mirunda na watu wote wawe weusi, vurugu inageuka mchoro.

SWALI: Vumbi la saiti linaharibu lenzi? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Vumbi lenyewe sio sana, ni ile tabia ya kufuta na tisheti. Mchanga unakwaruza. Pulizia kwanza kwa kipulizio cha mpira, afu kitambaa laini, na kama ni kamera kubwa usibadili lenzi humohumo saiti, toka nje kwanza.