Wasanifu tunao, mbona bidhaa mpya hatuzioni?

Swali: Kampuni yetu iliajiri wasanifu wanne wa bidhaa, na sote tukapelekwa semina. Kuta zimejaa vikaratasi vya rangi vya kubandika, ila mwaka umekatika na hakuna kipya kilichoingia sokoni. Tubadilishe wasanifu?

Jibu: Waache kwanza. Tuanze na hivyo vikaratasi vyenyewe. Mwaka 1968 Spencer Silver, mkemia wa kampuni ya 3M ya Marekani, alikuwa akitafuta gundi kali, akaambulia gundi dhaifu inayobanduka kirahisi. Kwingine ingetupwa siku hiyohiyo. Yeye alizunguka nayo kwa miaka, akiwasimulia wenzake. Mwaka 1974 mmoja wao, Art Fry, aliyekuwa mwanakwaya, alichoshwa na vialamisho vilivyodondoka kila mara kutoka kwenye kitabu chake cha nyimbo, akaikumbuka ile gundi. Bidhaa ilisambaa madukani Marekani mwaka 1980. Miaka 12! Iliwezekana kwa sababu 3M ina desturi ya kuwaachia wataalamu asilimia 15 ya muda wao wafuatilie mawazo yao wenyewe.

Kodak, kampuni ya Marekani iliyouza filamu za kupigia picha, nayo ilikuwa na vipaji. Mhandisi wake, Steven Sasson, aliunda kamera ya kidijitali mwaka 1975, lakini nyumba iliyokula kwa filamu haikuwa na haraka nayo.

Kiswahili nacho hutuponza kidogo: neno "ubunifu" tunalibebesha usanifu na uvumbuzi kwa pamoja, tukadhani ukiajiri wabunifu umemaliza. Usanifu ni kumtazama mtumiaji, kuchora, kuunda sampuli na kuijaribu. Sampuli hiyo ifike sokoni au iishie kabatini, hapo huamua utamaduni, yaani yale ambayo wafanyakazi wanajua bila kuambiwa kwamba yatawapandisha cheo au yatawaponza.

Jiulize: mara ya mwisho msanifu alipoleta sampuli iliyowashinda watumiaji, kikaoni alijibiwa nini? Kama ni "nani aliruhusu hili?", safari nyingine ataleta picha za kupendeza kwenye skrini, ambazo haziwezi kufeli kwa kuwa hakuna aliyezigusa.

Kikao kijacho, agizeni sampuli tatu za karatasi na maboksi badala ya moja iliyong'arishwa. Watu wa fedha na mauzo wawepo mtumiaji anapohangaika nazo, na mkurugenzi azungumze mwisho. Hilo la mkurugenzi ndilo litakalowachukua muda zaidi.